Daftari la Jumatatu

Watu wa kituo walimwita Kebo, na jina lilimganda hivi kwamba hata mkewe, akiulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kwamba Kebo yuko kwenye kebo zake. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, halina kazi nyingine.

Kazi yake ilikuwa moja, na aliifanya kwa miaka ishirini na tisa. Kwenye uwanda mkavu, ndani ya uzio mrefu, yalisimama madishi makubwa kumi na mawili yaliyoelekea mbinguni kupokea mawimbi ya redio yanayotoka kwenye nyota. Kila dishi lilikuwa na kebo yake iliyopita chini ya ardhi hadi chumba cha mitambo. Kebo ndiye aliyehakikisha kwamba kilichoingia upande huu kinatokea upande ule, hakijapungua wala kuchelewa njiani. Simu za mkononi zilikuwa marufuku, na pikipiki ziliachwa langoni, maana cheche ya injini tu ingeyatia madishi kelele. Kwa hiyo alizunguka kwa baiskeli, sanduku la vifaa limefungwa nyuma, na wakubwa waliokuja kutembelea kituo walishangaa kuamriwa wasiguse kitu na mzee aliyekunja suruali hadi magotini.

Alikuwa fundi hasa. Alipapasa kiungio cha kebo kwa kidole gumba akakwambia kama kimeingia unyevu, na kipimo kikiletwa kikasema vile vile. Hilo hakuna anayembishia mpaka leo, na ningependa lisimame kabla sijasema mengine.

Mengine ni haya. Kulikuwa na daftari la zamu. Kila asubuhi fundi alitakiwa azungukie madishi yote, arudi, aandike mistari kumi na miwili, dishi kwa dishi, zima au bovu, kisha atie sahihi. Miaka ya mwanzo Kebo alifanya hivyo mvua ije, jua liwake. Lakini madishi yalikuwa mazima leo, yakawa mazima kesho, na mwaka ukaisha yakiwa mazima. Ikafika mahali akawa anakaa Jumatatu asubuhi na kikombe chake cha chai, anajaza wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Zima, zima, zima, hadi Jumapili ambayo haijafika. Wewe unayesoma usikunje uso. Sote tuna karatasi tulizotia sahihi bila kuinuka kwenye kiti.

Katika miaka hiyo ya daftari la Jumatatu ndipo alipokuja yule mtafiti. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye begi moja la nguo na mawili ya vitabu, na hakukaa wiki kabla hajabandikwa jina la Mwalimu, kwa sababu hakuweza kumwona mtu hajui jambo akampita. Siku ya kwanza alimkuta Kebo amelala kifudifudi kwenye mtaro, akamuuliza anadhani madishi haya yanafanya nini. Kebo akasema yanapiga picha. Binti akacheka, si kwa dharau, akamwambia jioni atakuja nyumbani kumweleza.

Mke wa Kebo alikuwa msusi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ya kituo ndicho kilichokuwa saluni yake. Mwalimu alifika akaketi kwenye kiti cha wateja, akaomba chanuo lenye meno yaliyoachana na kitana kile chembamba cha kusakia chawa. Akaviweka mapajani.

"Dishi moja peke yake, baba, halituambii mengi," alisema. "Kazi inafanywa na jozi. Kila jozi ni chanuo moja linalopita juu ya mbingu."

Akaeleza kwamba madishi yakisimama mbalimbali, kilomita kadhaa, jozi hiyo ni kitana chembamba. Inanasa vitu vidogo, ncha na kingo. Lakini kitu kipana na laini, kama ukungu, kinagusa meno yote ya kitana sawasawa, na kitana hakioni tofauti yoyote, kwa hiyo kinasema hakuna kitu. Madishi yakikaribiana, jozi ni chanuo la meno yaliyoachana, na hilo ndilo linalojua kitu kipana. Na kwa kuwa dunia inazunguka, machanuo yote yanageuka nayo siku nzima, yakichana mbingu ile ile kwa mshazari huu na ule. Madishi kumi na mawili yanatoa jozi sitini na sita, na kompyuta inakusanya michano yote na kuijenga picha.

Mke wa Kebo, aliyekuwa anasuka kichwa cha jirani, akauliza inakuwaje kwa sehemu ambayo hakuna chanuo lililopita. Mwalimu akasema hapo kompyuta inakisia. Mama akacheka mpaka akashika ukuta, akasema anawafahamu wasusi wawili wanaofanya kazi kwa mtindo huo.

Tangu jioni ile Kebo akaanza kuyapenda madishi kwa namna nyingine. Zaidi aliyapenda la kwanza na la pili, yaliyosimama karibu mno, hatua ishirini na tano tu kati yao, ilhali mengine yote yalikuwa mbalimbali. Watu wa kituo waliyaita Pacha. Mwalimu alikuwa amemwambia wazi: "Pacha ndio chanuo pana pekee tulilonalo, baba. Wakiugua hao, sisi ni vipofu wa vitu vikubwa." Alisema hivyo mara moja tu, akila karanga, na Kebo hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Hilo nalo likumbukwe.

Mwaka wa pili Mwalimu akaona kitu. Kuizunguka nyota moja kuukuu palikuwa na ukungu mpana, hafifu sana, ambao haukuwa kwenye picha ya mtu mwingine yeyote. Ni Pacha waliouona. Akaandika makala, makala ikachapishwa, mkuu wa kituo akatoa hotuba, na mke wa Kebo akamsuka Mwalimu mtindo mpya bila malipo. Kwa kawaida ya watu wa sayansi, jambo kama hilo halikubaliki mpaka wengine waliangalie upya. Kundi la wageni likaomba kurudia upimaji kwa madishi yale yale. Wakapewa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, katika majira ya mvua.

Wiki hiyo Jumatatu Kebo alikaa na chai yake akajaza daftari. Mvua ilinyesha siku hiyo hiyo mchana kutwa. Jumanne alipopita kwenye Pacha alipapasa kiungio cha dishi la pili, na kidole gumba kikamwambia. Alikifungua akakuta kutu ya kijani imekila mpaka ndani. Akakikata, akachomoa kebo, akakiweka kile kibovu ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga na kuagiza kipya kutoka stoo kuu. Hadi hapo alifanya kazi yake sawasawa.

Kiungio kipya kilichukua siku tisa kufika.

Alikusudia kumwambia mtu wa zamu. Alikwenda hata kulifungua daftari, na pale, kwa wino wake mwenyewe, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tayari zilikuwa zimeandikwa zima. Kusahihisha kungekuwa kuwaambia watu wote kwamba daftari lake ni la Jumatatu. Akalifunga. Akajiambia madishi kumi na moja si haba. Kwa hesabu aliyofundishwa saluni, jozi sitini na sita zilipungua zikawa hamsini na tano, na hamsini na tano ni nyingi. Aliruka tu kuhesabu kwamba kati ya zile kumi na moja zilizopotea, moja ndiyo ilikuwa Pacha.

Kompyuta nayo ilipoona dishi la pili liko kimya ililitupa nje yenyewe, kama ilivyofundishwa, ikaendelea na yaliyobaki. Wageni walipokea picha iliyokwisha kutengenezwa, hawakuomba vipimo ghafi vilivyoijenga. Picha ilitoka safi. Kebo aliiona imebandikwa ukutani kwenye korido, nyota katikati, kingo zimekatika vizuri, kila kitu mahali pake, akahisi mzigo umemshuka. Hicho ndicho kinachonikera kuliko vyote katika habari hii. Kama picha ingetoka mbovu, mtu angeuliza.

Baada ya miezi minne barua ya wageni ilifika: wametazama, hakuna ukungu. Vipimo ghafi vya wiki ile vilikuwa vimeshafutwa, kwa kuwa kituo kilivihifadhi siku tisini tu. Kupima upya hakukuwezekana, maana muda wa madishi ulikuwa umeshagawiwa watafiti wengine hadi mwaka uliofuata. Kilichobaki kama ushahidi ni picha na daftari. Ikaundwa kamati ya watu watatu ikutane Ijumaa, na swali lake lilikuwa moja. Kama Pacha hawakufanya kazi siku zile, picha ya wageni haina la kusema kuhusu ukungu, na Mwalimu yuko salama. Kama walifanya kazi, basi Mwalimu aliona kisichokuwepo, na ni bora aifute makala yake mwenyewe kabla hajafutiwa. Na mtafiti aliyefuta ugunduzi wake wa kwanza hapati wa pili.

Jumatano Mwalimu alikuja karakana. Hakuketi.

"Baba, nikuulize jambo moja. Utakachosema nitakiamini."

Kebo alikuwa ameshika koleo. Akamwambia aulize.

"Wiki ile ya wageni, Pacha walikuwa wazima wote wawili?"

Kopo la maziwa lilikuwa kwenye rafu, nyuma ya bega la binti, na kile kiungio kimo ndani. Hakulitazama.

"Daftari si mnalo?"

"Nimeliona. Nakuuliza wewe."

"Kama niliandika wazima, walikuwa wazima."

Mwalimu akavuta pumzi ndefu, akaitoa. "Basi nimekosea mimi," alisema, akamshukuru, akatoka. Kebo alibaki na koleo lake mkononi mpaka vidole vikamuuma.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe kila kitu, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza. Mama alikuwa anasafisha machanuo kwenye beseni. Alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema ana hadi Ijumaa. Kebo akauliza itakuwaje akifukuzwa, amebakiza miaka michache tu, na nyumba ni ya kituo.

"Tutahama," mkewe alisema. "Watu wanahama kila siku."

Alhamisi alikwenda ofisini kwa Mwalimu mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta na mtu, akarudi upesi upesi kama aliyeponea. Mara ya pili alimkuta peke yake anaandika barua ya kufuta makala. Binti akamkaribisha kiti, akamwomba aisome aone kama Kiswahili chake kimenyooka. Kebo akasoma. Karibu na mwisho palikuwa na mstari unaomshukuru fundi wa kebo wa kituo, ambaye uangalifu wake, barua ilisema, haujawahi kutiliwa shaka na yeyote, ndiyo maana mwandishi anakubali kuwa kosa ni lake.

Angesema pale. Mlango ulikuwa umefungwa, binti alikuwa anamtazama, na maneno yenyewe hayazidi matano. Badala yake alisema barua imenyooka. Nimejaribu sana kumtafutia kisingizio mtu huyu, maana namfahamu na nimekula kwake, na sijakipata. Hakuogopa kufukuzwa peke yake. Alisoma mstari ule akaupenda.

Ijumaa Mwalimu alitia sahihi. Wiki iliyofuata alikwenda saluni kusukwa kabla ya safari. Saa mbili nzima mke wa Kebo alimshika kichwa, akamchana na kumsuka bila kufungua mdomo, na binti alipoaga na kumwita mama, yeye aliingia jikoni akafunga mlango. Siku hiyo ndipo alipoacha kumwita mumewe Kebo. Alimwita "wewe", na "wewe" ikabaki hivyo.

Miaka sita ikapita. Kiungio kipya kilifungwa zamani, Pacha walikuwa wazima, na sasa Kebo alizunguka madishi kila asubuhi bila kukosa na kuandika mstari baada ya kuona kwa macho. Usahihi wa namna hiyo, uliochelewa, ndio unaoudhi. Kisha kwingineko kikajengwa kituo kipya chenye madishi mengi yaliyokaa kwa kusongamana, machanuo mapana tele, na moja ya picha zake za kwanza ilikuwa ya ile nyota kuukuu. Ukungu ulikuwepo, kwa upana ule ule, ukiwa na pengo dogo upande mmoja kama alivyouchora Mwalimu. Waliouona ndio waliopewa heshima ya kuugundua, maana wa kwanza alishasema kwa mkono wake kwamba hakuona kitu. Mkuu wa kituo alisimama mbele ya picha hiyo kwenye korido akasema kumbe yule binti alikuwa sahihi, masikini, bahati haikuwa yake.

Mwaka huo huo Kebo alistaafu. Wakamfanyia sherehe ukumbini, na mkuu akasimama na lile daftari mkononi, akasema miaka ishirini na tisa halijapatikana kosa hata moja. Watu wakapiga makofi. Zawadi ilikuwa kubwa, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Alipoifungua akakuta picha ya ukungu kwenye fremu, kwa kuwa, mkuu alieleza, ni jambo ambalo kituo chetu kilikaribia kuligundua. Kebo aliibeba hadi nyumbani. Mkewe aliitazama akauliza anatarajia itundikwe wapi.

Asubuhi ya tatu alichukua kopo la maziwa akasafiri siku nzima kwenda mji ambako Mwalimu alisemekana kufundisha hesabu katika shule ya sekondari. Alilala nyumba ya wageni, na saa nne kamili alikuwa langoni mwa shule. Mlinzi akamsogezea daftari la wageni. Akajaza, akaingia.

Mwalimu alimpokea chumba cha walimu akiwa amejaa furaha. Alikuwa amenenepa kidogo na ana miwani. Akamwita baba, akauliza habari za mama, akavuta kiti. Kebo hakuketi. Alitoa kiungio kwenye kopo akakiweka mezani, juu ya madaftari ya kusahihishwa, akasema hiki kilikuwa cha Pacha, dishi la pili, nilikikata Jumanne ya wiki ile ya wageni.

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mwalimu alikiinua, akaikwangua ile kutu ya kijani kwa ukucha, muda mrefu, kana kwamba chini yake pana maandishi.

"Ulijua lini?"

"Kabla hujaniuliza."

Picha mpya ya ukungu alikuwa ameiona, Mwalimu alisema. Aliiona gazetini, akaamini kwamba alibahatisha tu, kwamba kosa lake liliangukia kwenye ukweli. Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akavua miwani.

"Kila mwaka nawasimulia wanafunzi wapya habari zako. Nawaambia nilikuwa na hakika na nilichokiona, lakini palikuwa na mzee mmoja mwaminifu aliyekuwa ameangalia, nikakubali nimekosea. Nawaambia hivyo ndivyo mtu anavyotakiwa kufanya. Miaka sita nawaambia hivyo."

Kebo akasema amekuja kuomba msamaha. Kengele ikalia. Mwalimu akasimama, akarudisha kiungio ndani ya kopo na kulishika mkononi.

"Hao wapya ndio nakwenda kuwafundisha sasa. Twende ukawaambie wewe mwenyewe."

Chumba kilikuwa ng'ambo tu ya uwanja. Wanafunzi walionekana madirishani wakisukumana kukaa. Kebo alitazama huko, akatazama viatu vyake, akasema angependa sana, ila gari lake linaondoka saa nane na bado hajakata tiketi.

Mwalimu akatazama saa ya ukutani. Haijafika saa tano.

"Safari njema, fundi," alisema. Hakuwahi kumwita fundi hata siku moja. Akavuka uwanja na kopo lake, akaingia darasani, wanafunzi wakasimama kumwamkia.

Langoni mlinzi alimsimamisha. Alikuwa amelifungua daftari la wageni, anafuatisha mstari kwa kidole.

"Mzee, hapa umeshaandika umetoka saa nane, na sahihi umetia. Ulijazaje kabla hujatoka?"

Kebo akatazama. Ulikuwa mwandiko wake, pale pale alipoandika asubuhi bila kufikiri, saa ya kuingia na saa ya kutoka kwa mkupuo mmoja. Akaomba kalamu arekebishe.

Mlinzi akasema hairuhusiwi kufuta kwenye daftari, akamfungulia lango.